Vipimamvua vya Kando ya Lami

Kazini walimwita Mama Mvua. Ndiye aliyepanga vituo vyote vya kupima mvua na kina cha mto katika bonde lile, na ramani yake ilitundikwa ukutani pale idara ya maji, vitone vya bluu vimejipanga kama shanga.

Shanga zenyewe zilifuata barabara ya lami. Alipokuwa akipanga, gari la ofisi lilikuwa bovu, na kule milimani mto unakoanzia hakufikiki ila kwa miguu. "Tutaongeza baadaye," alisema, na hiyo baadaye haikuja.

Siku ya mafuriko vituo vyake vilionyesha rasharasha tu, naye akawapigia simu watu wa bondeni kuwaambia hali ni shwari. Kumbe kule juu mbingu zimefunguka. Maji yalishuka mchana kweupe, yakazoa mashamba, mbuzi na nyumba ya shangazi yake.

Shangazi akahamia kwake, akalala sebuleni. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole alionyeshwa mwenye nyumba kwa kidevu. "Mnamwona huyu? Ndiye anayepima mvua ya bonde zima. Mtoto wa kaka yangu!"

Mama Mvua alikimbilia jikoni kujifanya anatazama chai, masikio yakimwaka moto.

Mwishowe uvumilivu ulimshinda. Walikuwa wakichambua mchele.

"Shangazi, usinisifu tena. Kule milimani sikuweka kipimo hata kimoja. Niliona ni mbali."

Mikono ya shangazi ikatulia juu ya ungo. "Mbali? Mimi na baba yako tulikuwa tunakwenda huko kutafuta kuni."

"Najua."

"Na ulijua mvua inaanzia huko?"

"Nilijua."

Shangazi akarudi kwenye mchele wake. Afadhali angefoka. Wiki ile ile akafunga mzigo, akaenda kukaa kwa binti yake, eti asimbane.

Mama Mvua akamwendea mkuu wa idara.

"Vipimo vipya hatuna fedha yake," mkuu alimkatiza mapema.

"Sitaki vipya. Hivi vya barabarani vyote vinasema neno moja. Tuvigawe, vingine vipelekwe mlimani, kimoja kikae mtoni, juu kidogo ya pale vijito vinapokutana."

Alipanda mwenyewe na fundi, akakubaliana na mwalimu wa shule ya huko kwamba mvua ikizidi atapiga simu.

Msimu uliofuata simu ikapigwa. Watu wa bondeni wakahama na mifugo yao kabla maji hayajafika. Ofisini wakampigia makofi. Yeye akatazama viatu vyake.

Jioni alimpigia shangazi.

"Nimesikia," shangazi alisema. "Tunashukuru." Kisha akaanza kueleza habari za goti lake linalomsumbua, kwa sauti ya upole, kama mtu anayezungumza na jirani. Mama Mvua akasikiliza mpaka mwisho, akimwitikia, asithubutu kumwambia arudi wakae pamoja.