Panya wa Bi Mwatima

Bi Mwatima, muuza tambuu wa Mkunazini, aliposikia kuwa popoo zake, zile kokwa ngumu za kutafunwa ndani ya jani la tambuu, zinanunuliwa kwa ajili ya panya wa utafiti, ulimi haukumtulia. Kila mpita njia aliambiwa: "Panya wa wasomi hawali popoo za duka la Pirbhai. Wanakula zangu!" Hayo majivuno, jamani, ungemcheka.

Mwenyewe tambuu haikumtoka shavuni tangu uanawali wake. Siku hizi mdomo ulikuwa ukimkaza, hata embe lazima alikate vipande vidogo vidogo. Akasema ni husda ya majirani. Akafukiza udi, akavaa hirizi, na mdomo ukazidi kukaza.

Siku moja Zehra, yule mtafiti aliyekuwa akizinunua popoo, akamchukua maabara yao ya Bububu awaone hao panya. Bi Mwatima akavaa buibui jipya, wallahi, kama anakwenda harusini.

"Hawa tunawatilia kemikali ya kuleta saratani ya mdomo," Zehra akaeleza. "Na hawa kemikali hiyo hiyo, pamoja na popoo. Twataka kujua kama popoo inazidisha."

Akamshika mmoja wa kundi la popoo, akajaribu kumpanua mdomo. Haukupanuka vizuri. Ndani shavu lilikuwa jeupe, na ulimi una vidonda.

Bi Mwatima akasogea karibu. "Popoo zangu hizo?"

"Zako. Na wewe hebu fungua mdomo, bibi yangu. Mtu mwenye mdomo mzima huingiza vidole vitatu, kimoja juu ya kimoja."

Kikaingia kimoja. Cha pili kikagonga meno. Khofu ikamshika, machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akaikumbuka hirizi, akacheka. Nyani haoni kundule! Majirani masikini, wamesingiziwa bure.

Zehra akampeleka hospitali, daktari akamkata kinyama cha shavu kikapimwe. Majibu bado, na usingizi haumji.

Jana Mzee Ubwa, mteja wake wa siku zote, kamkuta popoo kazifunika kwa kanga.

"Nifungie tambuu, Bi Mwatima."

"Fungua mdomo kwanza. Tia vidole vitatu."

"Lo! Ushakuwa daktari?"

"Daktari wapi, Mzee Ubwa! Mie panya. Tena wale wa Bububu hushikwa wakatiliwa popoo. Mie nimejitilia mwenyewe, na juu yake nikajisifu."

Mzee Ubwa akacheka. Kisha akajaribu vidole.