Majani Aliyootesha Mama

Lupango yetu, ndivyo tunavyoita kiwanja cha nyumba hapa Lubumbashi, iko upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba tangu kabla sijazaliwa. Moshi ulipokwisha, kilichokuwa kimeanguka kilibaki udongoni. Mama alipanda mwembe, ukafa. Akachimba shimo kubwa, akalijaza mbolea na udongo mweusi kutoka mbali, akapanda mwavokado. Ulinifikia kifuani, kisha mizizi ikatoka nje ya shimo lile, na mti ukakauka ukiwa umesimama.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja Jumapili moja baada ya misa. Alivunja tawi moja kwa vidole viwili.

"Mulamu, hata udongo inakukatala," akamwambia mama, wifi yake. "Mutoto hakukaa mu tumbo yako, muti nayo haikai mu lupango yako."

Mama alikuwa ametoka hospitali mikono mitupu miezi michache tu kabla ya hapo. Baba alisikia. Aliendelea kumega bukari, ugali wake.

Baadaye mwanamke mmoja wa chuo kikuu akapita mtaani akichukua udongo wa kupima. Alichuchumaa mbele ya mama.

"Mama, haiko mukono yako. Iko shaba. Inaua mizizi."

Akamletea vishina vya majani mafupi yanayoota yenyewe penye shaba. Hayazai kitu, alisema, ila yatashika vumbi lisituingie mapafuni. Mama aliyapanda kwa chokaa na mbolea, akayamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Masika ya pili majani yalifunika ua wote. Takataka aliziokota kwa mkono, ufagio usiyaguse.

Kisha binti wa shangazi akachumbiwa, na kwa kuwa baba ndiye mjomba, wageni wa mahari walipaswa kupokelewa kwetu. Shangazi alifika siku moja kabla.

"Bageni batasema tunaishi mu pori," akasema.

Baba akachukua jembe. Mama akasimama mlangoni.

"Baba ya batoto, niliyachunga kama mutoto, haya."

"Ni majani tu," baba akajibu, akaanza kulima. Shangazi alifuata nyuma na ufagio, akiimba.

Wageni walisifu usafi wa ua. Mvua ya wiki ile iliuchukua udongo wa juu, ule mama aliokuwa ameulisha, ukatoka chini ya geti hadi barabarani.

Yule mwanamke wa chuo aliporudi na vishina vingine, alichuchumaa akagusa udongo mtupu.

"Nani alifanya hivi?"

Baba alikuwa ameketi pale pale, redio mapajani. Mama hakumtazama.

"Ni miye," akasema.

Mwanamke akafunga mfuko wake wa vishina, akaenda kwa jirani. Mama akaingia kumpikia shangazi, ambaye alikuwa ameamua kukaa nasi mwezi mzima.