Msingi Usio na Nyuki

Nakumbuka siku moja ya joto kali huko Granville, tulipohamia ugenini, mwanangu, tawi la mkalitusi lilipokatika bila hata upepo na kuuangusha mzinga wa mjomba wangu. Miti ya huku ina tabia hiyo, nasi hatukuijua.

Mjomba alikuwa mrina asali wa Tabora, na kwao mzinga huning'inizwa mtini, mbali na siafu na nyegere. Jirani alipomshauri auweke chini juu ya matofali, alicheka. "Mzinga si ndoo ya maji," akasema. Basi tukaupandisha, mimi nikivuta kamba, kijana mwenye mgongo mzima, si huu unaoniuma leo kila nitokapo kazini ghalani. Tawi lilipoanguka nao, sanduku la mzinga lilipasuka. Malkia akapondwa, nyuki wakatawanyika. Mzee yule alikuwa amengoja miaka kufuga nyuki tena, na nilimwona akilia waziwazi.

Kesho yake nilimkuta amepiga magoti kwenye kona ya ua. Amefyeka majani, amesawazisha udongo, amemwaga kokoto na kuzishindilia. Akapanga matofali ya saruji, akaweka pimamaji juu kuona kama yamelala sawa, akainua nyuma kidogo ili mvua isiingie mlangoni mwa mzinga. Tofali likiyumba, analitoa, anaanza upya. Nilichoka kwa kumtazama tu.

"Mjomba, relax kidogo. Nyuki wenyewe hatuna. Sasa unamjengea nani?"

Hakuinua kichwa. "Wakija jioni, mpwa wangu, utawaambia wangoje uchimbe? Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho. Mimi niliambiwa nikacheka. Haya, lete kokoto."

Mwaka ule nyuki hawakupatikana. Kila Jumapili aliufagia ule msingi mtupu, watoto wakimtania kwa Kiingereza. Miti ilipochanua mwaka uliofuata, rafiki wa Bankstown akatupatia kundi la nyuki. Tuliuweka mzinga mpya jioni ileile, bila kuchimba hata kijiko cha udongo. Mjomba akaketi kando akisikiliza mvumo, hadi tukamwita mara mbili aje kula.

Nimechoka, mwanangu, sitasema mengi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukipoteza, lia, si aibu. Kisha utengeneze mahali, hata kama huoni kitakachokuja kukaa hapo. Na wenyeji wakikuonya kuhusu ardhi yao, sikiliza kabla hujacheka.

Mungu akupe magoti ya kuanza upya, na heri yako ikija, ikukute umeshindilia.