Sandarusi ya Mwaka wa Neema

Siku ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, maana nilitaka kulimaliza ghala la kijiji chetu cha Kurui kwa mdomo wangu huu huu.

Zama za Mwingereza, kodi ya kichwa haikuuliza kama mvua imenyesha. Mwanamume asiye nacho alichukuliwa kwenda kulima barabara, mkewe akabaki na jembe peke yake. Wazee wetu wakapatana barazani: mwaka wa neema kila nyumba itoe sandarusi, ule utomvu mkavu tuliouchimba porini na kumuuzia Mhindi wa Kisarawe, na aliyevuna sana atoe zaidi. Iwekwe, mwaka mbaya imlipie kodi aliyekwama. Mtunzaji akawa shangazi yangu Mwanahawa, mwembamba, mkali, hacheki ovyo.

Mwaka mmoja mpunga ukajaa hata vikapu vikakosekana, na bei ya sandarusi ikapanda. Mimi nimeoa juzi, nataka baiskeli. Nikawakusanya wenzangu, haoo, mpaka kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Tugawie chetu. Njaa yenyewe iko wapi?"

"Marahaba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Akakaa mlangoni pa ghala, miguu kainyoosha. "Mwaka mzuri ndio wa kuweka, baba. Mwaka mbaya utaweka nini, mate? Ukitaka kupita, niruke."

Nani amruke shangazi yake? Tukarudi tunanung'unika, nami nikamnunia hata Idi ikapita.

Mwaka uliofuata mvua ikatutupa. Watu wa kodi wakaja, na mke wangu mimba ya kwanza imefika, miguu imevimba, hana mama wala dada. Lo! Nililia, sikufichi. Jina langu liliposomwa, shangazi akamwambia jumbe, mkusanya kodi wa serikali, "Huyu kalipiwa." Wala hakunisimanga.

Uchungu ulipomshika mke wangu, mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nilimbeba mwenyewe mgongoni hadi kwa mkunga, kijiji cha pili. Mtoto huyo ndiye baba yako. Ningekuwa barabarani, mjukuu wangu, hata wewe usingekuwapo.

Leo umepewa kutunza fedha za halmashauri. Kodi imtazame mtu ana nini, na wakati gani, aliyekauka usimkamue. Neema ikija, watakuja vijana wenye kelele kama babu yako, wanataka vyote vigawiwe. Wakatalie, ila usiwachukie, maana kesho ndio utakaowalipia. Akiba haiozi.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wa kutoa na mkono wa kushika, na wanao wazaliwe ukiwapo. Amina.