Akiba ya Mafuriko Juu ya Tembe

Nakumbuka masika yangu ya kwanza ya kuolewa, kule Haneti, mwanangu, mvua ilinyesha mpaka wazee wakaacha kuishukuru. Wifi yangu Sechelela alikuwa na siku nne tangu ajifungue. Hofu ya mama mkwe wangu, Mwaja, ilikuwa moja: korongo likifurika, mzazi atakunywa uji wa nini?

Akaniita. "Mkamwana, tenga unga wa uwele, karanga na chumvi. Weka pasipofika maji. Ila kwanza niulize ni wapi."

Sikuuliza. Nilikuwa nimefika darasa la tatu, nikaona elimu nimeimaliza. Akili nyingi huondoa maarifa! Nikaipandisha akiba yote juu ya paa la tembe letu, lile la udongo, bapa, nikaifunika ngozi. Tena nikachagua upande wa nyuma, paa linapokutana na mteremko, nipande bila ngazi. Sikujiuliza ni nani mwingine hupanda bila ngazi.

Maji yakaingia uani alfajiri. Tukamtoa Sechelela na kichanga chake mpaka mteremkoni, nami nikanyoosha mkono kwa maringo kuchukua akiba. Nikakuta mbuzi. Majina yao ninayo mpaka leo: Madoa, Kipara, na yule jike Ndevu, unga umemjaa hadi kwenye kope. Karanga usiniulize.

"Chakula cha mzazi kiko wapi?" akauliza Mwaja.

"Mama… kimo ndani ya Ndevu."

"Kweli umeficha. Hata maji hayakukiona!"

"Msinichekeshe, jamani, naumia!" Sechelela akalia, ameshika tumbo.

Mwaja akamvuta Ndevu pembe, akachuchumaa matopeni, akamkamua kwenye kibuyu. Mzazi akanywa, kichanga kikanyonya. Sisi wengine tulishiba masimango mpaka maji yalipopungua.

Basi, mwanangu, akiba ya mafuriko usiiweke mahali pamoja. Nyingine peleka kwa jirani wa mwinukoni, nyingine tia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Penye wepesi kwako, tazama ni nani mwingine anapaona pepesi. Na muulize aliyeishi hapo kabla yako. Kuuliza hakuvunji mguu.

Mungu akupe mvua ya kukuza uwele, siyo ya kubomoa kuta, na asikukoseshe mtu wa kukushika mkono upande wa pili wa maji.