Kikombe cha Mwenye Nyumba

Sikuwahi kukipenda kile kibanio. Kilikuwa cha plastiki, kidogo kama kidole cha mtoto, na kilibana mrija uliotoka kifuani mwa baba hadi kwenye mashine ya kusafisha damu. Muuguzi akikifungua, damu inakwenda, akikifunga, inasimama. Baba, aliyekata miwa katika mashamba ya Malava tangu ujana wake, alilala pale akikitazama tu.

Figo zake hazikutoa maji tena, kwa hiyo hospitali ikatuambia chai yake iwe nusu kikombe. Nusu! Kwetu hakuna mke anayemwekea mumewe, mwenye nyumba, chai nusu. Ni kama kumwambia ameshazoeleka, hana heshima tena nyumbani mwake. Mama alijaribu asubuhi moja. Baba alikisukuma kikombe kando, akatoka nje. Nikafoka kwamba huo ni upuuzi, maji yatamjaa mapafuni tumzike na heshima zake.

Kesho yake alichukua kikombe cha mwanangu, kile kidogo cha bati chenye ua jekundu, akakijaza chai mpaka ukingoni. Akakibeba kwa mikono miwili, akapiga goti, akampa baba. Baba alikunywa polepole, akamaliza.

"Asante, mama," alisema.

Hakunywea chai kikombe kingine tena hadi alipotuacha.

Siku ya matanga vikombe vilipungua. Jirani mmoja alikiona kile cha bati, akataka kumtilia mtoto wake uji. Mama alimpokonya.

"Hicho ni cha mwenye nyumba," alisema.