Ndugu wa Tatu wa Babu

Nitangulize radhi. Mwandiko wangu umeinama na tahajia yangu si ya kutegemewa, kwa sababu niliishia darasa la nane, na tangu hapo mikono yangu imezoea majani chai kuliko kalamu. Naandika polepole. Sentensi moja yaweza kunichukua muda ambao maji ya chai yangechemka. Lakini jambo hili nililiona mwenyewe, na sehemu yake niliiharibu mwenyewe, kwa hiyo ni haki niliandike mimi.

Babu yangu alifariki nyumbani kwetu, karibu na Sironga. Kwetu mazishi hayaendi bila kijitabu cha wasifu, chenye picha ya marehemu juu na orodha ya jamaa ndani. Kijitabu hicho huandikwa kwa Kiingereza. Nyumbani tunaongea Ekegusii, na Kiswahili ni cha shule, cha mjini na cha wageni, lakini wasifu wa Kiingereza unaonyesha kwamba marehemu alisomesha watoto. Sijasikia mtu akiuliza kwa nini.

Mimi nilipewa daftari niandike majina ya jamaa, kwa kuwa ndimi niliyekaa na babu miaka yake ya mwisho na nilijua nani ni nani. Chini ya neno Ndugu niliandika majina matatu. Wawili walizaliwa na mama yake. Wa tatu alikuwa mtoto wa baba yake mdogo. Mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na mama ya babu akamchukua akamnyonyesha pamoja na babu. Walilala kwenye ngozi moja, wakatahiriwa siku moja, na hadi leo mashamba yao ya chai yanatenganishwa na mtaro tu. Babu alimwita omwana ominto, yaani mtoto wa kwetu, na wale wengine wawili aliwaita vivyo hivyo. Sisi wajukuu tulimwita babu mdogo.

Kazi ya kutafsiri ilikuwa ya kaka yangu. Nasema kaka, ni mtoto wa baba mkubwa, anafanya kazi ofisini Kisii. Nilimpelekea daftari kwenye duka la kupiga chapa, si mbali na Daraja Mbili. Akasoma amesimama.

"Hawa watatu ni baba mmoja, mama mmoja?"

"Wawili. Huyu wa mwisho, baba zao ndio ndugu."

"Basi huyo ni cousin. Tumweke kwa ma-cousin."

"Lakini babu alikuwa..."

"Kiingereza ndicho kinasema hivyo, si mimi."

Msichana wa kompyuta alicheka. "Na huyu mwenye daftari ni nani, sekretari wako?"

"Huyu ni cousin yangu," kaka akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Sikuwa nimewahi kuitwa hivyo. Halikuwa tusi. Ilikuwa kama kutolewa jikoni na kukaribishwa sebuleni: kiti ni kizuri zaidi, lakini sasa wewe ni mgeni. Nikanyamaza. Mbele ya watu wanaoandika haraka mimi hunyamaza.

Shuleni tulifundishwa kwamba cousin ni binamu, na nikipata swali hilo nilikuwa napata alama. Hakuna aliyetuambia kwamba neno lile la Kiingereza ni kapu. Mtoto wa shangazi anaingia, wa mjomba anaingia, wa mama mdogo, wa baba mkubwa, wa kike na wa kiume, wote humo. Kwetu mtoto wa shangazi ni wa ukoo mwingine. Tunampenda, akija anachinjiwa kuku, kisha anarudi kwao. Mtoto wa baba mdogo harudi popote. Hapo ndipo kwao. Hata hilo neno binamu sijalisikia shambani. Linabaki shuleni pamoja na chaki.

Vijitabu vililetwa asubuhi ya mazishi, masanduku mawili. Nilifungua ukurasa wa jamaa. Ndugu walikuwa wawili. Babu mdogo alikuwa wa tisa kati ya ma-cousin, na baada ya wa kumi na moja iliandikwa kwamba kuna wengine wengi. Sisi huita watu kaburini kwa kufuata kijitabu. Ndugu hutupa udongo mmoja mmoja, kwa majina. Ma-cousin huitwa kwa mkupuo.

Nilimwendea shangazi, binti wa marehemu, aliyekuwa akikata nyama.

"Shangazi, wamemweka babu mdogo kwa ma-cousin."

"Cousin ndiyo nini?"

"Ni mtoto wa shangazi, ama wa mjomba, ama..."

"Yeye si mtoto wa shangazi ya mtu. Alinyonya titi moja na baba yangu." Akaweka kisu chini. "Nani alimpeleka huko?"

"Kaka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo," akasema. "Chukua kalamu."

Nilikaa nyuma ya ghala la mahindi nikaongeza jina lake chini ya ndugu, kijitabu kimoja baada ya kingine. Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria walinipigia kelele. "Karani! Harakisha, parapanda italia kabla hujamaliza!" Mwili ulipofika kutoka mochari nilikuwa nimemaliza sanduku moja. La pili lilikuwa limekwisha kugawiwa watu.

Mwenye kipaza sauti alikuwa kaka, na kijitabu alichoshika kilitoka sanduku la pili. Tulipofika kaburini aliita ndugu wa marehemu, majina mawili. Wazee wawili wakasimama. Babu mdogo alibaki kwenye kiti mstari wa mbele, kofia magotini, kijitabu juu ya kofia. Mkubwa wa wale wawili alichota udongo, kisha akasimama nao mkononi akitazama nyuma.

"Tunamngoja nani, babu?" kaka akauliza kwenye kipaza sauti, kwa adabu.

Mzee aliendelea kumtazama babu mdogo. Shangazi hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

Zilikuwa kama hatua ishirini, na watu wote walikuwa upande ule ninaoelekea. Nilimpa kaka kijitabu changu, kidole kikiwa kwenye jina. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Si tulimaliza hii maneno?"

"Hatukumaliza," nikasema. "Nilinyamaza."

Akasoma. Akawatazama wazee. Kisha aliondoa kiganja, akaita ndugu wa tatu wa marehemu kwa jina lake kamili, kwa Kiswahili. Babu mdogo aliinuka bila haraka, akatupa udongo, akarudi kukaa. Mchungaji akaomba. Watu wakala.

Jioni hiyo nikigawa chai aliniita.

"Hii kalamu ni yako?"

"Ndiyo, babu."

"Nimejiona mara mbili. Hapa ni ndugu, hapa ni cousin. Nikae wapi?"

"Sikufuta, babu. Niliogopa kuchafua karatasi."

"Uliogopa karatasi," akasema, akanywa chai. Kisha akaniambia kwamba orodha yake yeye nitaiandika mimi, na nianze mapema, angali hai aweze kuikagua. Jina la babu liwe la kwanza.

Tumeshaandika kurasa mbili. Lakini kijitabu chake nacho kitakuwa cha Kiingereza, kwa sababu wajukuu zake wamesoma kumshinda kaka, na pale dukani wataniuliza swali lile lile. Kaka amependekeza cousin-brother, yaani binamu-ndugu. Nilipomweleza babu mdogo maana yake alicheka hadi akakohoa. "Hilo ni neno la mtu anayeogopa pande zote mbili," akasema. Nafasi ya jina la babu bado iko wazi juu ya ukurasa, bila kichwa.

Kama umewahi kumzika mtu wa namna hii, na mkapata la kuandika ambalo wazee walilikubali, tafadhali niandikie. Mstari mmoja unatosha, kwa lugha yoyote. Nitamsomea.